Mabawa Mawili ya Kushoto

Kattalin Iriart alikuwa na tabia ya kuondoka bila kuinuka kitini. Ungemkuta amekaa pale pale, kwenye kiti chake cha dirisha la nyuma katika duka la matandiko ya farasi la Orrin Maddox, mjini Buffalo, kisu mkononi, jiwe la marumaru mbele yake na kipande cha ngozi juu ya jiwe. Macho yako wazi, pumzi inaingia na kutoka, lakini mwenyewe hayupo. Ungemsalimu, asiitike. Ungemwambia duka linaungua, angesema "ee" kwa adabu na kuendelea kukata. Watu wa mji walikwisha kumzoea. Mteja akiingia humtazama kwa mbali, kisha humuuliza Orrin kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, kama fundi yupo. Orrin humjibu kwamba ameondoka, arudi saa ya chakula.

Mwenyewe alipoulizwa anakokwenda, alisema ni mahali penye upepo, na zaidi ya hapo hakuongeza neno. Hakuwa msemaji. Mumewe Ganix alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, kwa hiyo nyumba haikupungukiwa. Jioni, akicheza karata na wachungaji wenzake wa zamani kwenye hoteli ya Wabaski, watu wa kabila lake, Ganix alipenda kuwaambia kwamba yeye ameoa nusu mke. Nusu ya pili inaishi angani na mwewe, na hushuka kula maharage tu. Wenzake walicheka, huku wakijua fika kwamba pale mezani hapakuwa na mwanamume aliyejivunia mkewe kumshinda huyo.

Alichokuwa akichonga ni manyoya. Mafundi wengine wa upande ule wa milima ya Bighorn huchonga maua, waridi juu ya waridi, majani yamejikunja na kujizungusha mpaka tandiko zima linakuwa bustani, na kazi yao ni nzuri, hakuna wa kuibeza. Kattalin alishika unyoya kwa sababu ndicho kitu alichokuta. Aliletwa bibi harusi kutoka Baigorri, ng'ambo ya bahari, na kiangazi hicho hicho akapandishwa mlimani kwenye gari la wachungaji, lile la kukokotwa na farasi, lenye jiko na kitanda ndani. Mchana kutwa Ganix yuko na kondoo, na yeye yuko na upepo. Mwewe wanazunguka juu kwa uvivu, unyoya unadondoka taratibu, unapinda huku na huku, unatua kwenye majani makavu, naye anauokota. Hakuwa na wa kusema naye. Akawa anachukua kisu cha mumewe na kuyaandika manyoya yale juu ya mkanda wa hatamu, moja baada ya jingine, uti, nyuzi, mpasuko, mpaka jua linazama na nyama ya kondoo imegandia chunguni.

Siku moja farasi wa Ganix alikuwa amefungwa nje ya hoteli, na Orrin Maddox akapita. Kila mtu akishika unyoya uliochanuka hufanya jambo lile lile: huuvuta kidogo kati ya vidole, nyuzi zikashikana, mpasuko ukafunga. Orrin aliuona unyoya shingoni mwa farasi, akanyoosha kidole gumba aufunge. Kidole kikakuta ngozi. Akabaki amesimama pale barabarani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, kisha akaingia hotelini kuuliza hatamu ile ni ya nani. Tangu hapo Kattalin hakumuuliza mteja yeyote kama ameipenda kazi, maana watu husema uongo kwa adabu. Alitazama kidole gumba tu. Kikinyooka chenyewe, ameridhika, anarudi zake kitini.

Na kiti chenyewe hakikuwa cha mchezo. Ngozi ya kuchongwa hulowanishwa, hufunikwa, huachwa itulie. Inapoanza kurudisha rangi yake, lakini bado ina ubaridi ukiilaza shavuni, hapo ndipo. Kabla ya hapo kisu kinazama kama kwenye tope. Ukichelewa, ngozi imekwisha kaza na mkato hauna uhai. Wakati ule wa katikati haumngoji mtu. Kisu cha Kattalin kilikuwa kidogo, chenye kichwa kinachozunguka chini ya kidole cha shahada, nacho kilianza na uti, mistari miwili inayosogeleana mpaka ikutane nchani. Kisha nyundo na vyuma vya kugongea vikalaza ngozi kando ya mstari ili unyoya uinuke. Kisha nyuzi, nyembamba mno, zote zinaelekea upande mmoja na bado kila moja ina mawazo yake. Nuru ya dirishani inatambaa juu ya marumaru. Sauti ya nyundo inakwenda mbali, inakuwa ndogo, inakuwa ya mtu mwingine, na Kattalin yuko juu, mwepesi, nyasi zinalala na kuinuka chini yake, na hakuna anayemwita.

Katika kazi ile kosa halina msamaha. Maji yakimwagika hayazoleki, na ngozi iliyokatwa imekatwa. Lakini Kattalin hakuwa akikosea, na Orrin aliwatangazia wateja jambo hilo kwa majivuno kana kwamba mkono ni wake yeye.

Sasa tumtaje Elixa, maana asiyekuwepo na lake halipo, na huyu ndiye aliyelipa gharama ya safari zile za mama yake. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikulia chini ya meza ya duka, akichezea vipande vya ngozi, na alijua mapema kwamba nyundo ikilia, mama hayupo. Viatu vikimbana alimwambia Orrin. Akigombana na mtu shuleni alimsubiri baba yake ashuke mlimani. Mengine hakumwambia mtu. Hakuwa mtoto wa kulialia. Alikua akawa mwanamke wa kazi, akafuga kuku na bata mzinga nyuma ya nyumba, na juu ya farasi hapakuwa na kijana wa kumfikia. Alipanda kwa tandiko kuukuu la baba yake, lililoshonwa na kushonwa tena. Kinyozi hajinyoi: mabinti wa wafugaji wakubwa mpaka Montana walikalia manyoya ya Kattalin, na binti wa Kattalin alikalia viraka.

Mama, Ama kwa Kibaski chao, alimwahidi. Elixa alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita, mama alimwambia kwamba atamchongea lake. Ikaja kazi ya mteja, kisha ya mwingine, na kila moja ikamchukua Kattalin kule penye upepo, na aliporudi mwaka ulikuwa umepita. Mwishowe Elixa alimwambia asijisumbue, la Aita, baba yake, linamtosha. Alisema bila hasira yoyote, na hapo ndipo palipouma.

Halafu ikaja habari kwamba Elixa anaolewa. Mume ni Peio Arrambide, Mbaski mwenzao, mtu wa Elko kule Nevada, ambako kutoka Buffalo ni kuendesha gari mpaka uchoke, ulale njiani, uendeshe tena. Elixa alitaja jikoni vitu atakavyokwenda navyo: nguo zake, sufuria ya kuokea mkate, kuku wachache, tandiko la Aita. Kattalin alisikiliza huku akimenya vitunguu saumu, akangoja kitajwe kitu chochote kilichopita mkononi mwake yeye. Hakikutajwa. Aliogopa, na tuseme wazi alichoogopa: kwamba binti yake anaondoka kama mpangaji anayehama, na wao wawili hawajawahi kuonana vizuri.

Kesho yake alimwambia Orrin kwamba hapokei kazi ya mtu mpaka harusi ipite. Orrin hakubisha. Alimpa ngozi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, ile aliyokuwa akiificha nyuma ya pipa asiione mteja, na akalijenga tandiko lenyewe kwa mkono wake. Ganix alifurahi mno, akaenda hotelini kutangaza, na kwa kutangaza akashindwa karata zote za jioni ile.

Kattalin hakutaka mwewe safari hii. Alikwenda uani kwa Elixa, akaokota unyoya wa bawa la bata mzinga, mrefu, wa kahawia na mistari myeupe iliyopinda. Unyoya wa bawa una upande mwembamba na upande mpana, na ule mwembamba ndio unaoukata upepo. Wa bawa la kushoto na wa bawa la kulia ni kama viatu: vinafanana, lakini huwezi kubadilisha. Aliuchora kwenye karatasi angavu, ambayo mchoro huonekana pande zote mbili, akaupangia wenzake kama bawa lililofunguliwa nusu, tayari kulihamishia kwenye mashavu ya tandiko, yale mapande mapana ya ngozi yanayoning'inia kila upande chini ya paja la mpandaji. Shavu la kushoto lichorwe karatasi ikiwa hivi. La kulia, karatasi igeuzwe. Ni jambo ambalo mwanafunzi huambiwa siku ya kwanza.

Ngozi ikawa tayari. Akailaza shavuni mwake, ina ubaridi wake, akaketi, akakata uti wa kwanza na kungoja aondoke. Hakuondoka. Palipokuwa na upepo palikuja kichwa cha mtoto kinachonukia sabuni na sufu ya kondoo. Akakata wa pili. Elixa akaja akiwa na surua, amefunikwa blanketi ndani ya gari la wachungaji, anataka aimbiwe. Akakata nyuzi, na kila uzi ukavuta kitu: soksi moja iliyopotea, namna mtoto yule alivyokuwa akilala ameshika sikio lake mwenyewe, kuku wake wa kwanza. Nuru ilitambaa juu ya marumaru kama kawaida, na nyundo ikagonga, lakini Kattalin alikuwa pale kitini, mzima mzima, na hakuwa amezoea. Mara nyingi aliona kama mtu amesimama nyuma yake, akageuka, hapana mtu. Orrin alipomsalimu aliitikia, mpaka Orrin akashtuka. Alichonga shavu la kwanza akiwa hivyo, na la pili akiwa hivyo, na yalikuwa manyoya mazuri kuliko yote aliyowahi kuyachonga.

Mistari ikatiwa rangi, ngozi ikapakwa mafuta ya kwato za ng'ombe, ikang'aa taratibu kama asali. Orrin akakifunga kila kitu pamoja, akalipandisha tandiko kwenye farasi wa mbao. Kattalin akalizunguka kwa furaha, akatazama kushoto, akapita mbele, akatazama kulia. Halafu akarudi kushoto. Halafu akaketi sakafuni kwenye vumbi la ngozi.

Karatasi hakuwa ameigeuza. Pande zote mbili lilikuwa bawa moja, la kushoto.

Orrin ilimchukua muda kuliona, na alipoliona alijikuna shingo. Akamwambia katika watu elfu, labda mmoja atatambua.

"Na huyo mmoja ndiye anayeolewa," alisema Kattalin.

Ilikuwa kweli. Elixa ndiye aliyewapunguzia manyoya bata mzinga wake kila wanapoota mapya. Hukatwa bawa moja tu, ili ndege akijaribu kuruka uzio apinde na kuanguka ndani. Aliyejua bawa la kulia na la kushoto kwa kupapasa alikuwa huyo huyo. Na ngozi ile njema ilikuwa imekwisha. Orrin alikuwa na nyingine, ya rangi tofauti kidogo, akasema ataichukua hiyo, wafanye shavu jipya kwa haraka, hata kama harusi iko mlangoni. Kattalin alitikisa kichwa. Haraka haijawahi kuchonga unyoya.

Ganix alipoambiwa, alitoa ushauri wa mcheza karata. "Karata mbaya huchezwa kwa uso mzuri," alisema. "Mwite mtoto, mpe tandiko, cheka, nyamaza. Mtu akifurahi hahesabu mabawa." Kattalin hakuwa na ushauri mwingine, akaukubali, na moyoni akajiona mwizi.

Elixa alikuja dukani mchana, mikono imejaa unga kwa sababu alikuwa akiwasaidia wanawake wa hotelini kuoka mikate ya harusi. Aliliona tandiko. Akajifuta mikono kwenye aproni, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili, polepole, kama anayejipa muda. Akasogea upande wa kushoto. Kidole gumba kikanyooka chenyewe kwenda kwenye mpasuko, kikakuta ngozi, na Elixa akatabasamu, tabasamu ambalo mama yake hakuwa ameliona tangu binti ana meno ya utotoni. Kattalin alishika meza. Ganix alikuwa anacheka vizuri kabisa, kama walivyopatana.

Kisha Elixa akazunguka kwenda upande wa pili. Mkono ukatoka, ukafika katikati, ukasimama hewani.

"Hili ni la kushoto," alisema.

Alirudi akaangalia upande wa kwanza, akarudi tena wa pili.

"Yote ya kushoto."

Ganix alijitosa. Akasema ndivyo walivyotaka, kwamba ndege mwenye mabawa mawili ya kushoto hazunguki ila kurudi kwao, na wao wanataka arudi kila Krismasi. Ulikuwa mzaha mzuri, na siku nyingine ungemchekesha. Elixa hakumtazama hata kumtazama.

"Lile la binti wa Hollis nililifunga mimi mwenyewe kwenye farasi wake," alimwambia mama yake. "Lilikuwa na kushoto na kulia. Na lile la yule bwana wa Billings. Hujawahi kumkosea mtu, Ama. Hata mmoja. Mimi ndio umenifikia ukakosea."

Orrin alisema kwa upole kwamba ngozi nyingine ipo, shavu linaweza kubadilishwa, wampe muda tu watalituma mpaka Elko. Elixa alisema haina haja. Alikuwa ameanza kufungua aproni, na Kattalin alijua kwamba akimaliza kuikunja ataondoka zake, na hilo ndilo litakuwa neno la mwisho kati yao.

"Sikuweza kuondoka," alisema Kattalin.

"Kuondoka wapi?"

"Nikichonga huwa naondoka. Unajua. Umekua ukijua." Alikuwa akiyatafuta maneno moja moja, kama mtu anayeokota shanga sakafuni. "Ndio maana sikosei. Mkono unafanya, mimi sipo. Hili lako nilikaa, nikangoja niende, ukaja wewe. Kila nikikata, unakuja. Nikawa nipo. Nilichonga siku zote zile nikiwa nipo hapa hapa, nakuwaza. Sikuiona hata hiyo karatasi."

Elixa aliishika aproni bila kuikunja.

"Nilikuja nikifanya nini?"

"Ulikuwa umesimama pale." Kattalin alionyesha mlango wa nyuma. "Ulikuwa mdogo, wa darasa la kwanza labda. Mdomo umepasuka, damu imeshuka mpaka kwenye kola. Umenyamaza tu, unanitazama."

Ganix aliacha kutabasamu. Habari hiyo hakuwa nayo.

"Nilianguka kwenye barafu," alisema Elixa. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nikakuita. Ukasema 'ee'. Siku zote nilijua hukuniona."

Kattalin angeweza kusema ndiyo, sikukuona. Ingekuwa rahisi, na pengine binti angemsamehe kwa hilo.

"Nilikuona," alisema. "Ngozi ilikuwa tayari. Nikasema nimalize uti huu mmoja kwanza. Nilipoinua kichwa hukuwepo, na nikaona haya kukufuata. Naona haya mpaka leo."

Machozi yalimtoka Elixa bila uso kukunjamana. Akayaacha yateremke. Alizunguka tandiko tena, akasimama upande ule wa kulia wenye bawa la kushoto, na safari hii kiganja chake chote kikalala juu ya ngozi na kutulia pale. Orrin alikuwa amekwisha kushika bisibisi ili afungue shavu, maskini, mtu mwema asiyejua afanye nini na mikono yake.

"Usiliguse, bwana Orrin," alisema Elixa. "Linakwenda Elko hivi hivi."

Orrin akaweka bisibisi chini, akamshika Ganix mkono, akatoka naye nje kutazama barabara. Unga wa mikate ulikuwa unamngoja Elixa hotelini, na mtu angekuja kumwita muda wowote. Yeye akavuta kile kiti cha dirishani, cha mama yake, ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukikalia, akakaa.

"Na mengine?" aliuliza. "Ulisema nilikuja kila ulipokata."

Kattalin akabaki amesimama, kwa kuwa kiti kimechukuliwa. Hakuwa msemaji, na mikono yake ilikuwa mitupu. Akaanza na surua.